Mgeni Aliyeosha Vyombo

Chumba cha mwisho,
Nyuma ya ghala la saruji,
Tarehe 9 Juni.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu kutoka huku mbali. Hujambo? Shemeji anaendeleaje na kifua chake? Na ile cherehani imepata fundi, au bado unaikanyaga inalia? Mimi ni mzima, namshukuru Mungu, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba ujana umekwenda. Wifi yako alinipigia simu kutoka nyumbani. Anasema mama anatembea vizuri, na ulimi wake haujapungua makali hata kidogo.

Kazi ni ile ile. Lori linakuja, tunapakua mifuko, linaondoka, linakuja jingine. Saruji imeniingia hata masikioni. Nikipiga chafya naweza kujenga ukuta.

Dada, nina ombi juu ya mwanangu anayesoma chuo huko mjini kwenu. Amemwambia mama yake kwamba kanisani hakanyagi tena. Tangu nisikie, chakula hakishuki vizuri. Lakini kabla ya ombi, nikusimulie jambo lililonipata, ndipo utanielewa.

Kanisa ninamosali limepakana na chuo, ukuta kwa ukuta. Wanafunzi huja Jumapili, wanakaa viti vya nyuma, wanaimba, wanaondoka. Siku moja mchungaji akasema mimbarini kwamba tunawahubiria watoto ambao hata hatujui kama wamekula. Akataka kila nyumba imchukue mmoja baada ya ibada, ale nao na wazungumze habari za Mungu kama watu wa nyumba moja. Mimi niliinamia viatu vyangu. Nina chumba kimoja, kitanda kimoja na kiti kimoja.

Mama Mchungaji hakunihurumia. Jumapili ya pili alinifuata mlangoni na kijana mmoja mrefu anayesomea kujenga madaraja. Wenzake wanamwita Injinia. Mama Mchungaji akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba Jumapili iliyotangulia kijana huyo alikuwa kwa mwalimu mstaafu, na walibishana juu ya Mungu mpaka chakula kikapoa.

"Mama, mwalimu ameshindwa, mimi mbeba mifuko nitamweza wapi?"

"Mpe chakula. Kwani nimekwambia umweze?"

Basi nikaenda naye. Nilimpa kiti, mimi nikakaa kitandani. Wali na maharagwe alikula, nikamwongeza, akala tena. Halafu akaweka sahani chini, akaniuliza. Mama yake aliugua, wakamwombea, wakafunga, kanisa zima likakesha, na bado akafa. Je, mimi naamini kweli kwamba Mungu anasikia?

Dada, jana yake tulikuwa tumepakua malori tangu alfajiri mpaka jua linazama. Nilifumba macho nitafute mstari wa Biblia wa kumjibu. Nikalala.

Cheka, mimi mwenyewe sasa nacheka. Lakini nilipoamka nilitamani ardhi inimeze. Mtoto wa watu ananieleza kifo cha mama yake, nami nakoroma! Nikajua ameondoka, na kwamba kanisani ndiyo basi tena, hatorudi, na sababu ni mimi.

Hakuwa ameondoka. Alikuwa amenifunika koti lake. Vyombo alikuwa ameviosha na kuvipanga dirishani, sufuria imesuguliwa mpaka sikuitambua. Alikaa kizingitini akitazama watoto wa majirani wakicheza mpira.

"Nisamehe, mwanangu. Ulikuwa unaniuliza."

"Mzee, unakoroma kama mashine ya kusaga," akasema. Kisha akacheka kidogo. "Yule mwalimu alinijibu kabla sijamaliza kuuliza. Wewe umelala, nikamaliza."

Nikamwambia ukweli. Nilimwambia sijui kwa nini mama yake alikufa. Hata sisi tulipomzika mdogo wetu, nilikaa siku nyingi sitaki kumsikia mtu akiniambia kazi ya Mungu haina makosa. Ninachojua ni kwamba kila asubuhi nikiinama kushika mfuko wa kwanza nasema, Yesu, shika na wewe upande huo. Na sijawahi kubeba peke yangu. Mengine sina.

Alichukua koti lake akaenda.

Jumapili iliyofuata nilimkuta ananisubiri nje ya kanisa. Iliyofuata tena akaja na wenzake wawili, ikabidi jirani aniazime benchi. Mmoja wao haamini kitu, asema anakuja kwa ajili ya maharagwe. Nami namwambia karibu, hata maharagwe yana aliyeyaumba. Wanauliza maswali, tunasoma kidogo, najibu ninayoweza, na nikianza kusinzia wananigonga bega.

Jumapili iliyopita nilimwomba Injinia aombee chakula. Nilisema kwa mazoea tu, sikutarajia. Akaitazama sahani yake mpaka wenzake wakafungua macho. Kisha akasema, "Mungu, sijaongea na wewe muda mrefu. Asante kwa chakula. Mwangalie huyu baba, mgongo wake unauma." Basi, hapo hapo akasema amina. Macho yakanilowa, nikasingizia moshi wa jiko.

Ndipo nikamwaza mwanangu. Mtoto wa mtu anauombea mgongo wangu, na wangu mimi nani amekaa naye? Mimi namtumia mahubiri kwa simu, marefu, na yeye hujibu "sawa baba". Hiyo "sawa baba" Dada naijua. Ndiyo ninayompa msimamizi wangu.

Ombi langu ni hili. Wewe ni shangazi yake, na kanisa lenu haliko mbali na chuo chake. Mwite Jumapili baada ya ibada. Usimwambie nimekutuma, na usimuulize alisali wapi. Mpikie ashibe. Akikueleza linalomsumbua, mwache amalize, hata kama linakuuma. Akikuuliza nawe unaamini nini, mwambie lile unaloishi nalo tu.

Najua wiki nzima unashinda kwenye cherehani. Usingizi ukikujia, lala. Na vyombo, Dada, usivioshe. Viache pale pale.

Nisalimie sana shemeji na wapwa zangu wote, na yule wa mwisho mwambie mjomba bado anamdai wimbo. Mungu aliyeushika upande wa pili wa mzigo wangu aushike na wako, na mlango wako usikose mtu wa kubisha hodi.

Wako akupendaye,
Mdogo wako, mbeba saruji.