Kile Kilikuwa Kinaua Samaki Yako

Baba Numbi,

Ni minyi, bibi yako. Maandiko yangu unaijua, inapandaka na kushukaka kama njia mubaya, basi usicheke. Niko naandika juu mu kinywa haya maneno haitoke. Nikifungua kinywa ni machozi tu, na mutoto akiona nalia, naye analia.

Numbi ameota meno ya juu. Anatembea sasa, anashika ukuta. Akisikia kamio, ile motokari kubwa ya askari, inapita mu kampi anageuza kichwa ku mulango. Sijue nani alimufundisha. Minyi siangaliake tena.

Nyumba iko wazi. Sitake kukuficha. Udongo ya kaburi yako ilikuwa ingali mubichi, bandugu yako ba Kabongo wakaanza kufunga bintu. Redio, matela ya kulalia, kinga yenye ulikuwa unapandaka kwenda kazi, hata ile taa ya mafuta yenye ilivunjika. Mudogo yako alivaa koti yako ya abakosti palepale mu kilio, akaniuliza asema: «Shemeki, inanifaa?» Ilimufaa ku mabega. Nimujibu nini? Nilimujibu inakufaa.

Bantu ba kampi nao walikuya. Nyumba ni ya askari, haiko ya mujane, njo vile walisema. Ulikufwa chini ya kamio yao mu matope ya njia ya Kabongo, lakini ile haikuandikwa ku mulango.

Kintu kimoja tu bandugu yako waliacha: sanduku yako ya kioo, ile ya samaki. Walijaribu kuibeba na maji yake yote, ikawashinda, wakaogopa itavunjika. Unakumbuka vile uliitengeneza? Vioo vya kamio zenye zilikufwa, byuma bya kitanda ya zamani, na masti ya kubandika vioo yenye ilinuka nyumba yote mpaka nilitapika, ndiyo kwanza nilikuwa na mimba ya Numbi. Ulisema uliona sanduku kama ile mu nyumba ya mukubwa mumoja ku Baze ya ndege za askari, ukaapa asema yako itakuwa muzuri kupita yake, juu yake ilikuwa na mawe yenye imekufwa, yako itakuwa na mawe muzima.

Mawe muzima! Ukaenda kuitafuta Bukama. Ulirudi na treni, ndoo ku magoti, kitambaa mubichi juu yake. Ulinisimulia vile kontrolere wa tikiti alifunua, akaona mawe na maji: «Sitwayeni, Kamina imekosa mawe?» Ulicheka weye mwenyewe mpaka ukamwaga.

Ku ile mawe kulikuwa kile kintu cha kijani, kimeshika kama ukoko ku chungu. Ulisema haiko majani, iko nyama, kintu chenye kuishi.

«Nyama gani haina kinywa?»

«Inakulaka maji. Muvuvi wa Lualaba njo aliniambia.»

«Na siye tutaikula na nini, na bukari?»

Uliikala siku mbili hausemi na minyi. Leo ningekula ile maneno yangu, na jiwe pia.

Sasa sikia yenye ilifuata.

Ile siku bandugu yako walikuwa wanaenda, dada yako mukubwa, Yaya Banze, alisimama mbele ya sanduku, kidole ku kioo. Ile samaki kidogo ya mukia mwekundu ilikuya ku kidole yake, ikafikiri ni weye na chakula. Akalia. Kiisha akageuka, bote wanasikia, akasema: «Hii samaki njo roho ya ndugu yangu. Aliilisha na mukono yake. Weye utabakia nayo. Siku ya kumaliza kilio tukirudi, tuikute iko muzima. Tukikuta imekufwa, tutajua nani alimukula ndugu yangu, na mutoto hatutamuachia mulozi.»

Hakuna mwenye alicheka. Nilimushika Numbi mpaka akalia, juu nilikuwa namuumiza.

Unafahamu, Baba Numbi? Mutoto yetu aliwekwa mu ile sanduku pamoja na samaki.

Kwanza ilikuwa mawe. Kijani ikawa kama jivu, kiisha nyeupe, nyeupe kama mufupa, ikaanza kunuka. Kiisha konokono. Ilikuwa inaachia kioo, inaanguka chini, haiamuke. Kiisha samaki moja ikawa inapanda juu kuvuta hewa na kinywa, kama muntu anaita jina. Asubui niliikuta inaelea. Niliizika nyuma ya nyumba mbele jirani hajaona. Niliizika kama mwizi.

Niliwaza ni njaa. Nikaleta ile badudu ya mbu yenye ulikuwa unachota mu pipa. Walikula, wakakufwa na tumbo imejaa, na ile ya mukia mwekundu pia. Niliwaza ni jua, nikasukuma sanduku mbali na dirisha na mugongo yangu. Haikusaidia. Niliwaza ni maji ya robine, ya bomba, na ile harufu yake ya dawa. Lakini nilikuwa nafanya sawa vile weye: naacha maji inalala mu ndoo nje mpaka harufu inakwisha, njo naimwaga ndani.

Ku njia ya robine nilimuambia Mama Ekila, jirani yetu wa Equateur, bwana yake ni wa kikosi yako. Unamujua, mucheshi. Alisema: «Kwetu samaki ikikaa mu nyumba, iko mu sufuria. Njo hapo ilikosea.» Kiisha akaona uso yangu. Akaniletea basini zake mbili, akaikala chini na minyi.

Nilifanya hivi. Mu basini moja niliweka maji ya robine yenye ililala. Mu ingine niliweka maji ya sanduku yako. Nikagawanya: huku konokono na kipande cha jiwe yenye ingali na kijani, kule pia. Yenye ilikuwa mu maji ya robine ikaanza kutembea, ikapanda mpaka ku mudomo ya basini, Numbi akaikamata akataka kuikula. Yenye ilikuwa mu maji ya sanduku ikajifunga. Haikufungua tena.

Mama Ekila akasema: «Basi haiko maji. Ni kile kiko mu maji.»

Nilitoa yote. Jiwe moja, jiwe ya pili, muchanga na mukono. Chini ya jiwe kubwa ya Bukama, ndani kabisa, vidole yangu ilikuta kintu cha duara. Bangili. Ilikuwa na rangi ya kijani ya bluu, rangi muzuri, na maji karibu yake ilikuwa na ute.

Niliijua palepale. Mulinga ya nkambo yenu, muzee wenu wa zamani. Ile bangili ya shaba yenye Yaya Banze alikuwa anavaaka ku mukono. Numbi alipozaliwa, walimuosha mu maji yenye mulinga ililala ndani, juu bubaya isimukamate. Weye ulishika basini, minyi nilikuwa nalala nawaangalia. Ndiyo. Mu kilio, dada yako aliitia mu maji ya samaki, akaificha, juu bubaya isikamate roho yako. Bubaya njo minyi.

Na minyi nilizaliwa Kolwezi, Baba Numbi. Siye ba kule hatusomeke mingi lakini ile tunaijua. Kwenye shaba iko, muti haiotake. Kilima iko wazi kama kichwa ya muzee, majani moja moja. Mama yangu alikuwa anatupiga tukichota maji ya kule kwa kunywesha mboga ya lengalenga. «Iko na rangi muzuri,» alisema, «na mboga inakufwa.»

Niliikala chini mu maji yenye nilimwaga, nikacheka. Mama Ekila aliogopa. Nilicheka juu nilikuwa na furaha. Niliwaza: basi, imekwisha. Watakuya, nitawaonyesha, wataniacha na mutoto yangu. Nilikuwa mujinga sana.

Siku ya kumaliza kilio walikuya. Baba Mukubwa yako na fimbo yake, mudogo yako na abakosti yako, Yaya Banze mbele. Aliingia mu nyumba bila kupiga hodi, akaona sanduku kavu.

«Iko wapi?»

Nilileta basini mbili, nikaweka mbele ya bote kama mwalimu. Moja iko na konokono muzima, jiwe ya kijani, na samaki tatu zenye niliokoa. Moja iko na mulinga ndani, na konokono yenye imejifunga. Nilieleza yote polepole. Sauti yangu haikutetemeka, ningependa ungenisikia. Kiisha nilitoa mulinga, nikaiweka ku kitambaa.

«Yaya, hii ni yako?»

«Ni ya nkambo. Nilimuwekea ndugu yangu, usimumalize.»

«Yaya, njo hii iliua samaki.»

Nilisikia jogoo ya Mama Ekila inje. Niliwaza, nimeshinda. Yaya Banze aliangalia ile basini wakati murefu, na minyi niliona, naapa, niliona alifahamu. Alijishika ku mukono, pale mulinga ilikuwa inakaaka. Kiisha akainua kichwa.

«Mulinga ya nkambo haiuwake kintu chetu. Inakamataka mulozi. Kama samaki imekufwa, ni juu mulinga ilikuta bulozi mu maji.»

«Na hii konokono, Yaya? Nayo iko mulozi?»

Mudogo yako alicheka. Baba Mukubwa alimuangalia, akageuza kicheko kuwa kikohozi.

Hakuna mwenye aliangalia basini tena. Ungetia vidole mu macho yao, hawangeona. Baba Mukubwa aliniuliza neno moja tu: «Mutoto angali ananyonya?»

«Ndiyo, baba.»

«Basi aikale. Akiacha ziwa, tutamufuata.»

Vile tu. Haikuwa akili yangu yenye iliokoa Numbi. Haikuwa haki. Ni maziwa.

Mbele ya kuenda, Yaya Banze alimubeba Numbi, akaweka uso mu nywele yake, akalia bila sauti. Alikupenda, Baba Numbi. Ile saa sikumuchukia. Nilimuchukia kiisha, wakati nilimuona anapangusa mulinga na kitenge yake na kuivaa tena.

Ile samaki tatu na jiwe ya kijani nilimuachia Mama Ekila. Ameapa hatazipika. Ameapa mara mingi, mpaka nimeanza kuwa na mashaka.

Minyi naenda. Treni ya Kolwezi inapita kesho, na mama yangu anajua tunakuya. Sikumuambia muntu wa kwenu. Siku watamufuata mutoto, watakuta mu hii nyumba askari mwengine na bibi yake, na huyu bibi hatajua kintu. Wakitaka kumuchukua, waje Kolwezi, wasimame mbele ya mama yangu. Naye ana kinywa.

Nitamutia Numbi masomo, kupita yangu. Nitamuambia baba yake alibeba ndoo ya maji mu treni bila aibu. Dada yako pia nitamutaja, na nitasema ukweli: alikupenda, na alidanganya. Mutoto ataamua mwenyewe.

Unisamehe juu ya kaburi. Sitaipalilia, bale wanabaki karibu, waipalilie. Bale wanajua kuchunga mufu. Minyi nina muzima wa kuchunga, na ameamuka, anataka ziwa.

Lala, bwana yangu.

Mama Numbi