Madé ya Sabuni

Lundi, 3/2
Asubuhi yote kukata sabuni. Madé makumi mbili, dadu ya kurusha, pande sita kila moja, nukta nilitoboa na musumari ya moto. Batoto ya kalasi ya tano ya sekondari balifurahi. Tangu nianze kazi, sijaona bakisikiliza probabilité, hesabu ya shansi, namna hii. Moja juu ya sita, moja juu ya sita, banaimba sawa kwaya. Sasa bananiita Mwalimu Sabuni. Sawa tu.

Mardi, 4/2
Béa aliinua mukono. Papa yake ni serja kule base ya jeshi. Kuko bikosi sita, na moja itatumwa mashariki, ku vita. Hakuna mwenye anajua gani. Papa iko mu kikosi ya ine. Akauliza shansi ya papa kwenda. Nikaandika ku tableau: moja juu ya sita. Nikamuambia, ona Béa, iko kidogo. Mufano muzuri sana. Nitaitumia kila mwaka.

Jeudi, 6/2
Béa anatembea na dé moja mu mufuko. Kila récréation, saa ya kupumzika, anairusha, anaandika mu kaye. Mara mia moja: ine ilitoka mara tisa tu. Aliniletea kaye, anacheka. Nilimusifu mbele ya bote. Kisha nyumbani, nikikula bukari, nikaanza kujiuliza. Tisa iko kidogo mno, ilipashwa kufika kumi na saba hivi.

Vendredi, 7/2
Nilimuomba anionyeshe ile dé. Sabuni imelika. Jasho ya mukono. Pembe zimeisha, upande moja imelala sawa kisigino ya sapatu ya zamani. Ile dé inadanganya.

Na kuko mambo ya mubaya kupita. Mukubwa ya jeshi harushe dé. Anachagua na kichwa yake, na sababu yake. Ile moja juu ya sita yangu haikukuwa ya kweli tangu siku ya kwanza. Nilipashwa kusema palepale. Kengele ikalia. Nikajiambia, nitasema lundi. Haya ilinishika. Hapana, woga.

Lundi, 10/2
Béa alichelewa, macho nyekundu. Kikosi ya ine iliondoka jana asubuhi, na kamyo mpaka ku ndege.

Mama yake hakukuwako. Samedi alipanda pikipiki, akaenda Kaniama kutafuta mahindi. Alitaka kubakia, angojee kwanza kujua kikosi gani itaenda. Béa njo alimuambia aende tu: mwalimu alisema moja juu ya sita, na kaye inaonyesha hata chini ya ile. Serja alienda bila kuagana na muke yake. Béa njo alimufungia mizigo, peke yake, na miaka kumi na sita.

Sikukula leo. Kama ningesema vendredi, mama angekuwa pale. Ni ile tu, hakuna ingine.

Mardi, 11/2
Nilifundisha vibaya. Nilimupiga kelele mutoto moja bure.

Mercredi, 12/2
Mama Béa alikuja ku masomo, kitambaa ingali na vumbi ya njia. Nilingojea matusi. Nilikuwa nayataka. Nikamuambia yote: dé ililika, mukubwa harushe dé, na miye nilijua tangu vendredi nikanyamaza.

Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuinua sauti. Akauliza tu:

— Na kurudi, mwalimu? Shansi ya kurudi iko ngapi?

 Akafunga kitambaa yake vizuri, akaenda.

Jeudi, 13/2
Hakuna habari kutoka mashariki. Simu ya serja haiingie.

Vendredi, 14/2
Mvua tangu asubuhi. Leçon ingine, chaki tu. Nilikusanya madé, nikapelekea muke yangu afulie nguo. Kumi na tisa. Ya Béa haikurudi.

Saa ya récréation nilimuona nyuma ya kalasi, chini ya mabati. Alikuwa anairusha, anaandika. Kaye ilikuwa mupya. Nilipita, sikuuliza anahesabu nini.