Hotelini kwa Mzee Mhina, Korogwe

Dada Zaina, shikamoo. Mguu wako unaendeleaje? Mimi mzima, namshukuru Mungu.

Leo, nikiwa njiani kwenda Handeni, nimeshuka Korogwe niende hotelini kwa Mzee Mhina, pale alipotulisha bada, ule ugali wa muhogo, na samaki siku tuliyotoka kumzika baba, tukaondoka tunalia bila hata kusema asante. Nikaingia kwa mazoea, nikawa natafuta ndoo ya kunawia mikono. Muuzaji akacheka: "Mama, hoteli ilishafungwa! Hapa tunauza misumari. Mzee mwenyewe yupo uani."

Nikamkuta kwenye mkeka, macho yamefifia. Nikapiga magoti, nikamweleza yote, nikamshukuru kwa niaba yetu sote wawili. Akatikisa kichwa.

"Sikukumbuki, mwanangu. Waliokuja wanalia walikuwa wengi. Ila niambie, mlishiba?"

Nikamwambia, "Tulishiba, mzee wangu." Akasema alhamdulillahi, akanishika mkono muda mrefu. Kisha akaulizia hali yako, akasema na wewe angependa kukusikia. Basi niandikie upesi, dada, nikipita tena nimsomee.

Mungu akulinde.

Mdogo wako, Mwanaidi