Mashine Isiyojua Nusu

Mpendwa Bibi Mshauri, naomba unisaidie maana sina pa kusemea, mimi ni karani wa ghala la mchele hapa Kariakoo, na mwaka huu tajiri wetu Bwana Vasant alinunua mashine ya kujumlisha, ile ya vitufe na mkono wa kuvuta, nami peke yangu ndiye niliyefundishwa kuitumia, nikavimba kichwa, sasa mashine hiyo inakubali ratili kamili tu, haina kitufe cha nusu wala robo, kwa hiyo kila gunia lililoingia likazidi kidogo mizanini, ile nusu au robo niliibonyeza kuwa ratili nzima, na mtunza ghala, Mzee Mwinyimvua, ambaye pia ndiye mwenye nyumba ninayopanga, aliniuliza, "Mwanangu, hizo nusu unazipeleka wapi?" nikamcheka.

Magunia mia nne na thelathini yalipotoka yakapimwa yakiwa kwenye lori, zikapungua ratili mia mbili na kumi, na magunia yote yapo, basi ikasemwa mzee amedokoa kila gunia kwa bambo, kile chuma anachochomea gunia kutazama mchele wa ndani, akafukuzwa mbele ya wapagazi, na Bwana Vasant aliniuliza mara moja tu kama hesabu ni sawa, nikajibu, "Mashine haikosei, bwana," maana niliogopa kazi yangu, na sasa wazazi wa mchumba wa Zena, binti wa mzee, wamevunja posa, hawataki mtoto wa mwizi, na mke wa mzee, Bi Zamda, bado ananiletea chakula nami ninakula, je, nikimwandikia tajiri barua isiyo na jina haitatosha?

Karani mwenye majuto, Kariakoo

Bi Kuruthumu anajibu:

Karani, majuto yako nimeyasoma na nimeyaamini, ila hayajanilainisha. Najua hofu ya kukosa kazi mjini hapa. Lakini usiisingizie mashine, ilijumlisha ulichoilisha. Wewe ndiye uliyeumba ratili ambazo hazikuwahi kuwapo, kidogo kidogo, gunia baada ya gunia, kisha mzee wa watu akadaiwa azitoe. Na alikuonya. Ulimcheka kwa sababu hakusoma ulikosoma wewe.

Barua isiyo na jina haitoshi, maana mzee hakufukuzwa kwa siri. Kesho asubuhi mwombe Bwana Vasant magunia kumi. Yapime mbele yake, nusu na robo uziandike kwa kalamu, kisha ubonyeze kwenye mashine kama ulivyozoea. Aone mwenyewe. Wapagazi wawepo. Halafu mwende wote wawili kwa mzee, na kutoka hapo kwa wale waliovunja posa, ukaseme kwa kinywa chako. Huenda Zena wasimtake tena, au yeye asiwatake. Hilo huna uwezo wa kulitengeneza, utaishi nalo.

Usiombe msamaha siku hiyo hiyo. Mwache mzee akasirike, ni haki yake.

Kazi utaipoteza. Ipoteze. Mwenzako aliipoteza bila kosa.