Mbegu za Mteremko wa Juu: Kwa Mama Yetu, Borbála Tankó

Mama, mwaka umezunguka tangu asubuhi ile ya Machi ulipokaa kwenye ngazi ya banda la majani, ukasema umechoka kidogo tu, na hukuinuka tena. Baba alikukuta ufagio ungali mkononi.

Hapa kijijini Hidegpatak nani asiyekujua? Ulikuwa wa kwanza kufika kwa mgonjwa na jibini kwenye leso, na wa kwanza kumwambia mgonjwa huyohuyo kwamba ameyataka mwenyewe. Baba alipotaka kukata majani kabla hujamruhusu, ulisimama mbele ya mundu wake. "Vencel, hayajaangusha mbegu hayo! Ukikata leo, mwakani utakata mawe." Naye, mwanamume mzima na masharubu yake, aligeuka akarudi nyumbani kunywa maziwa.

Emese, yule binti wa chuo kikuu, alilaza fremu yake ya waya kwenye mteremko wetu wa juu, akahesabu aina arobaini na tatu za mimea mahali ambapo kondoo mmoja angejilaza. "Mama Borbála, hii ni hazina!" Ukamcheka. "Hazina gani, mwanangu? Chakula cha ng'ombe hicho. We hesabu, majina nitakupa mimi." Ukampa yote, na mengine yalikuwa ya matusi, akaona haya kuyaandika.

Kisha vuli ya mwaka wako wa mwisho wakata magogo wakaburuta miti yao kwenye mteremko huo, mvua inanyesha, wakauchuna wote mpaka udongo mtupu. Ulilia siku nzima. Kesho yake ukaanza kufagia. Majira yote ya baridi, ng'ombe wakila majani makavu ya mwisho ya mteremko ule, yaliyokatwa kiangazi, wewe ulifagia mbegu zilizodondoka sakafuni, ukazipepeta, ukazilundika kwenye hori la zamani. Theluji ikiyeyuka ungezirudisha kule juu kwa mkono wako, kama mama yako alivyofanya. Za kuazima hazikuwepo. Miteremko ya wenzetu imeshaota misonobari.

Mimi, Rozália, binti yako mkubwa, nilikuja kutoka mjini kukuzika, nikaanza kutoa amri. Unanijua. Baba alikuwa kwa seremala. Mdogo wangu Dénes, ndiyo kwanza amefika kutoka Ujerumani, akaniuliza, "Dada, hili vumbi la kwenye hori tulifanyeje?"

"Choma! Watu wanakuja kula chakula cha matanga humu, watatuonaje?"

Akachoma, nami nikamsaidia kubeba. Baba alirudi, akanusa moshi, akasimama. "Rozália, mmechoma nini?"

"Takataka tu, Baba."

Akakaa chini, palepale kwenye theluji. Hakunigombeza. Laiti angenigombeza.

Tumejaribu, Mama. Shangazi Piroska alituletea gunia zima la mbegu za konde lake la kando ya kijito. Zilichomoza, lakini hizo zimezoea maji, jua la Julai likazimaliza zote. Dénes alituma mfuko wa mbegu za dukani wenye picha ya maua. Yakaota majani yanayofanana yote, kijani kitupu kama uwanja wa mpira, na ng'ombe wako Virág akayanusa akaondoka zake. Emese alirudi na fremu yake, akahesabu aina tatu. Nikamuuliza tufanye nini. "Sijui, Dada Rozália," akasema, na macho yake yamejaa machozi. Tukampa ugali na maziwa ya mgando, akala kidogo, akaenda.

Kuna jambo sijamwambia mtu ila Baba, nalisema leo mbele ya wote. Kabla ya kuchoma, niliujaza mto wako wa jenezani kwa vumbi lilelile la kwenye hori, makonzi mawili, kwa sababu lilinukia vizuri na nilitaka ulale pazuri. Mbegu za mwisho za mteremko wa juu ziko chini ya kichwa chako. Mwezi wa Mei nilikwenda makaburini na sepetu. Mungu anisamehe, nilikwenda kweli. Baba alinifuata, akanishika mkono. "Mwache alale, mwanangu." Tukarudi wawili nyumbani kukamua.

Wanakukumbuka mumeo Vencel, wanao Rozália na Dénes, wifi yako Piroska, na Emese, aliyeomba jina lake liwe miongoni mwa yetu.

Hatutakusahau kamwe, Mama. Tusamehe.