Shukrani Tuliyoitoa Mapema

Machimbo ya Kokoto,
Lugoba.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Semeni,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Shemeji Kondo hajambo? Magoti ya mama je? Mpunga huko Mbwera umeshika, au maji ya chumvi yamepanda tena? Mimi nipo. Nikisema mzima nitakuwa naongopa. Nyundo inanichosha hata jioni nalala kabla uji haujapoa.

Nimeandika badala ya kupiga kwa sababu simu yenu mnaifungua sauti, nyumba nzima ikachangia. Hili ni lako kwanza.

Mshamu, jirani yenu, siku hizi ni utingo wa lori linalofuata kokoto hapa kupeleka Kibiti. Juzi kaniambia, "Dada'ko akitoka kisimani anakaa chini mara mbili. Nikamtania, 'Bibi wee, unazeeka kabla ya mumeo?' Akasema, 'Nyamaza, tope limeniganda kwenye ndala.' Tope gani hilo la kumshikisha mtu kifua?"

Najua kwa nini unaficha. Ulipopigwa ile picha ya mishipa ya moyo Dar, mimi ndiye niliyepiga simu nyumbani kwamba mishipa ni mizima. Mkasoma dua, mkapika wali, kijiji kikala shukrani. Sasa waona ukisema kifua bado kinabana, utakuwa umemkufuru Mungu. Na dawa za kifua ulizopewa hospitali, bila shaka umeziacha.

Kosa ni langu. Siku ile msimamizi alikuwa ananipigia nirudi kazini, nikatoka daktari hajamaliza. Juma lililopita nimerudi kwake na karatasi zako. Akanitazama kama mwanafunzi mtoro. "Ulikimbilia wapi, kaka? Nilisema mishipa mikubwa haijaziba. Sikusema amepona."

Picha ile huonyesha mikubwa tu. Iko midogo, myembamba kuliko uzi, ndani ya nyama ya moyo, na hiyo haionekani pale. Ikishindwa kupitisha damu ya kutosha, maumivu ni yale yale. Huchunguzwa kwa kipimo kingine: moyo unachochewa kwa dawa, wanapima damu inavyopita. Alisema wanawake wengi hurudishwa nyumbani wakiambiwa hawana kitu, nao wanaumwa.

Amekupangia kipimo hicho Jumanne tarehe 25, kabla ya mfungo. Jumatatu nitakungoja stendi ya Kibiti, twende Dar pamoja. Zile dawa amesema uanze tena, leo hii unaposoma, usisubiri kipimo. Kifua kikibana bila kuachia, usingoje tarehe, uwahishwe hospitali.

Sadaka haijaharibika, dada. Watu walikula wakashiba, na Mungu hadai wali wake. Atakayekucheka, mwambie ni Ukasha aliyedanganya.

Ukimaliza kusoma, mpe shemeji naye asome. Nisalimie mama, mjomba Mwinyimvua na shangazi Mwanabaraka. Mungu akupe pumzi ndefu na njia nyepesi.

Nimechoka kuwa mtu wa habari njema. Nipigie uniambie unaumwa.

Mdogo wako akupendaye,
Ukasha