Naliaka na Tairi Zisizo na Tyubu

Ndugu yangu Wafula,

Salamu nyingi kutoka huku mtaani Tena. Goti lako linaendeleaje? Mahindi mmeshayapalilia? Mimi bado napumua, ingawa sitakuficha: daktari anasema moyo umechoka, na sidhani nitaiona Krismasi. Sikuandikii ili unililie. Nataka kukuungamia jambo, kisha nijisifu kidogo.

Mjukuu wangu Naliaka anashindana kwa baiskeli ya mbio. Barabara za huku zimejaa vipande vya chupa, kwa hiyo kila mara alikuwa ananiletea tyubu zilizotoboka. Nazizamisha kwenye karai la maji, natafuta mapovu, nasugua, nabandika kiraka. Ndiyo kazi pekee iliyonibakia. Alipotaja tairi zisizotumia tyubu, nilimwambia zitamwangusha mteremkoni. Sikuwa na ushahidi wowote, Wafula. Niliogopa tu kuwa mzee asiyehitajika. Naye akaendelea kuniletea tyubu.

Siku moja alirudi kutoka Barabara ya Kangundo kwa miguu, amelowa mvua chapachapa, akisukuma baiskeli.

"Ni msumari tu, Kuka," aliniambia mimi babu yake.

Niliikagua ile tyubu. Hapakuwa na alama ya msumari. Kiraka changu ndicho kilichobanduka. Mikono hii inatetemeka siku hizi, na mtoto alikuwa akinisitiri.

"Kesho tunabadilisha tairi," nikamwambia.

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nitakaa hapa nikikusumbua."

Akacheka, lakini macho yalikuwa na maji.

Tulikwenda kwa fundi wa pancha aliye nje ya lango letu. Naliaka mwenyewe ndiye aliyemwelekeza. Fundi akamimina ndani ya tairi dawa nyeupe kama maziwa, ambayo huziba tundu papo hapo. Pampu yetu ya mguu ilishindwa kabisa kuijaza upepo. Mashine ya fundi ikapuliza, tairi ikajibana kwenye rimu kwa kishindo: paa!

Mama anayeuza sukuma wiki hapo kando akaruka. "Mzee, wataka kututanguliza sisi kaburini?"

Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumamosi alikwenda Kangundo tena. Nilimngoja kwenye roshani, moyo huu mbovu ukinidunda. Akarudi amepanda baiskeli yake, akiimba. Kwenye tairi ya nyuma kulikuwa na doa jeupe lililokauka, na katikati yake kipande cha chupa.

"Hata sikujua kimenidunga, Kuka!"

Nililipapasa doa lile kwa kidole. Katika maisha yangu yote sijabandika kiraka kizuri kama kile. Na aliyekileta nyumbani ni damu yetu, binti asiyeogopa mteremko wala babu yake. Nikiondoka, hatakwama njiani kwa sababu yangu.

Nisalimie shemeji yangu mpika pombe ya busaa ya harusi, dada yetu mkubwa anayeongoza kwaya, na yule mwanao mwalimu. Waambie mzee wa Tena anajivuna, na wamwache ajivune.

Ni mimi kaka yako, mwenye furaha kuliko afya,

Makokha